Kadi ya Meza ya Kimya

Lorna, vuta kiti uje upande wa sikio linalosikia. Dale, kaa hapo hapo ukingoni mwa kitanda, nikikuhitaji nitakupiga teke, mguu mmoja bado unanitii. Na wewe Perpetua, usitoke. Najua kazi yako ni kunipima presha na kunipa vidonge, si kusikiliza mambo ya ukoo wa Hostetter, lakini leo maneno yangu yanakuhusu kuliko unavyodhani, na presha yenyewe waweza kuipima huku nikisema.

Leo Alhamisi. Keshokutwa watu wa vyuma vya kale wanakutana kwenye ukumbi wa zimamoto kama wanavyokutana kila Machi, na itakuwa mara ya kwanza tangu mwaka sitini na nane ambapo Wendell Hostetter hatakuwepo. Msinibembeleze kwamba nitapata nafuu. Nimeshika vitu vilivyochakaa maisha yangu yote, nakijua kitu kilichofika mwisho jinsi kinavyofanana. Kwa hiyo tegeni masikio, watoto wangu, maana pumzi ni chache na maneno ni mengi. Lorna, karatasi unayo? Andika ninavyotamka, usinisahihishe. Ulifundisha shule miaka thelathini, najua mkono unakuwasha.

Naanza na kitu ambacho sijawahi kuwaeleza vizuri, kwa sababu kila nilipokianza mlikuwa mnakumbuka kazi za shule. Mmekua katika nyumba ambayo ukienda chooni usiku unapita mikuki kumi na sita, na wenzenu shuleni waliwaita watoto wa mwendawazimu, na mama yenu, Mungu amweke pema, alifua mapazia kila mwaka akiomba ngao ya Sudani isimwangukie kichwani. Hamkuwahi kuniuliza kwa nini. Nawaambia.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, fundi bomba, mke mmoja, gari moja lisilo na rejeta. Wakanipigia simu kutoka ukumbi wa zimamoto: bomba la jikoni limepasuka, na leo kuna mkutano wa wazee wanaokusanya silaha za zamani za mataifa ya mbali. Nikaenda na spana yangu, matope mpaka magotini. Ili ufike jikoni lazima ukatize ukumbi. Nikakatiza. Na pale dirishani, kwenye mwanga wa saa nne asubuhi, alikuwa amesimama Mzee Emerson Riehl, mchinja nguruwe wa mji huu, mwenye vidole kama soseji zake, ameshika upanga wa Uhindi uliopinda kama mwezi mchanga. Alikuwa ameupaka mafuta kwa kitambaa. Akaniona nimeduwaa. Akasema, "Kijana, umefuta mikono?" Nikafuta kwenye suruali. Akasema, "Hapo umeichafua zaidi," akanirushia taulo. Kisha akanigeuzia mpini, akaniachia. Mimi! Hakunijua hata jina.

Akasema, "Usiguse bapa, jasho lako linakula chuma. Ulaze tu kwenye mwanga, taratibu."

Nikaulaza. Watoto wangu, ndani ya chuma kile kulikuwa na maji. Sisemi kiling'aa kama maji, nasema kulikuwa na maji ndani yake, mawimbi madogo meusi na ya fedha yanayokwenda kutoka mpinini hadi nchani, na nikiinamisha yanakimbia, nikiinua yanarudi. Mimi ni mtu wa maji, nimeishi na maji kwenye mabomba, nikajua ninachokitazama, na nikajua hakiwezekani. Kuna mtu miaka mia tatu nyuma, simjui jina, alikaa mbele ya moto na nyundo akayaweka yale maji mle ndani, na yamekaa mpaka leo yakinisubiri mimi na matope yangu. Nilisahau bomba. Maji yakajaa jikoni mpaka sufuria ya supu ya kuku na mahindi ikaanza kuelea, na akina mama wakaja wananipigia kelele, nami nimesimama kama nguzo, nalia.

Hiyo ndiyo sababu. Hakuna nyingine. Sikuwahi kupenda vita, hata jogoo nilikuwa namwogopa. Nilipenda mikono ya watu.

Na watu wa ule ukumbi! Nyie mliwaona wazee wenye matumbo na fulana zilizopauka. Mimi niliona mng'oa meno ambaye akifumba macho na kupitisha kidole kwenye ala atakwambia ngozi hii ni ya mbuzi au ya mjusi. Niliona mama mjane anayeuza matrekta akieleza kwa nini kisu cha kurusha cha watu wa Kongo kina mabawa matatu na si mawili, na anavyoeleza unaliona lile bawa la tatu linakata hewa. Mzee Riehl hakuwahi kutoka jimbo hili la Pennsylvania ila mara moja, kwenda kumzika shangazi Ohio, akarudi analalamika. Lakini mpe kisu cha Nepal, atakwambia kimefuliwa bonde gani. Saa sita wanaacha kila kitu, wanakula mkate wenye nyama ya nguruwe na pai ya asali nyeusi, wanasema juu ya watu wasiowahi kuwaona kwa heshima ambayo majirani zao hawakuwahi kuipata. Nilikuwa nakaa pale kahawa ikipoa mkononi, nashangaa tu.

Sasa nifike kwenye Meza ya Kimya, maana ndiko kuliko na jambo langu.

Saa nane mchana, kila mkutano, wanasafisha meza moja katikati ya ukumbi. Mtu mwenye kitu asichokijua anakiweka pale. Watu wanapita mmoja mmoja, unakishika, unakigeuza, unakinusa ukitaka, na hakuna kuongea. Unaandika kadi, unaitumbukiza kwenye kofia ya zimamoto. Mwisho, mwenye umri mkubwa kuliko wote anazitoa kadi na kuzisoma kwa sauti, bila kutaja aliyeandika. Na kadi zina sheria moja tu, aliiweka Mzee Riehl: lazima neno la kwanza liwe "Nadhani." Nadhani ni cha Sumatra. Nadhani mpini umebadilishwa. Hata ukiwa umezaliwa kwenye kijiji kilikofuliwa, anza na nadhani. Alikuwa akisema, "Waliokitengeneza ndio wanaojua. Sisi tunadhani." Msiliruke neno hilo, nalirudia: nadhani.

Lorna, usiandike hapo pembeni "anakohoa." Andika maneno.

Mwaka sabini na tisa nilipeleka kile kitu. Dale, unakijua, kimekaa juu ya meko miaka yote hii. Nilikinunua kwenye nyumba ya mjane mmoja aliyekuwa anahama, kilikuwa kimesimama pamoja na miavuli. Urefu wa mkono, mti mweusi mgumu kama pembe, ncha imechongoka huku na huku, kingo mbili nyembamba. Yule mama akasema baba mkwe wake alikuwa askari kule visiwa vya Ufilipino, akarudi nacho, akisema ni upanga. Nikakipeleka nyumbani nikakipaka mafuta, nikachukua kioo cha kukuzia, na nikaona kwenye kingo zote mbili vijipengo vidogo, vimepangana. Nikavihesabu. Mia na arobaini. Nikajisemea, Wendell, haya ni mapigo ya silaha za maadui. Huyu mwenye upanga huu amesimama mara mia na arobaini.

Yaani, akili yangu ilikuwa imekwenda likizo. Mtu anapigana mara mia na arobaini, na maadui wote wana adabu ya kumpiga kwa nafasi sawa sawa!

Nikauweka mezani. Na kadi yangu, mimi mwenyewe mwenye kitu, nikaandika: "Huu ni Upanga wa Chifu." Sikuandika nadhani. Nililiacha makusudi. Nilikuwa nimekwisha kuuona moyoni, na mtu aliyeona kitu kikubwa hataki neno dogo limsimamie mbele.

Mzee Riehl akazisoma kadi. Nadhani rungu, nadhani kasia, nadhani upanga wa mazoezi. Kisha moja, akaisoma polepole: "Nadhani si silaha. Watu hawa wanafua chuma kizuri hivyo, chifu wao apigane kwa ubao kwa nini?"

Wote tuliujua mwandiko. Ferris Kowalchuk, fundi saa. Rafiki yangu, Lorna. Ulipozaliwa ndiye aliyemwendesha mama yako hospitali kwa gari lake, langu lilikuwa limechemka. Mtu mpole, hasemi mpaka apime, ukimwuliza saa ngapi anafikiri kwanza. Na alichoandika kilikuwa na akili kuliko vyote vilivyokuwa ndani ya kofia. Nami nikajua kina akili. Ndiyo maana nikakasirika.

Nikavunja kimya. Nikasema kwa sauti, ukumbi mzima, "Ferris bwana, muulizeni huyu vizuri! Mtu mkewe akimrushia mwiko, atajua silaha ni ipi!"

Walicheka. Mnanijua, nikitaka watu wacheke wanacheka. Watu sitini walicheka mpaka wengine wakashika meza. Na mke wa Ferris alikuwa ameondoka wiki tatu kabla ya siku hiyo, na mabegi yake yote, na watu wengine pale hawakujua.

Mimi nilijua.

Aliniambia mimi peke yangu.

Ngoja... nipe maji, Perpetua. Kidogo tu. Ahsante.

Ferris akachukua kofia yake, akahamisha vitu vyake kutoka meza iliyokuwa kando ya yangu, akaenda kuvipanga kwenye meza ya mlangoni, penye baridi, na huko ndiko alikokaa mpaka leo. Mwaka baada ya mwaka. Anakuja, anaweka saa zake mbili tatu na majambia yake, anakula mkate wake, anaondoka. Na mimi? Mimi nikawa mtu mkubwa. Upanga wa Chifu ukapendwa. Nikaalikwa kuueleza, nikaonyesha yale mapengo kwa kijiti, hili la mkuki, hili la shoka, nikiigiza, narukaruka na tumbo hili, watu wakashangilia. Wakauchora kwenye bango la mkutano. Ukaingia kwenye kofia, kwenye vikombe, kwenye fulana. Dale, wewe ukajichora tatuu yake mkononi. Usiufunike na mkono wa shati, tunaujua.

Mzee Riehl alipofariki, kadi zikawa zangu kusoma, maana nilikuwa nimebaki mkubwa kuliko wote, Ferris nimempita miaka miwili. Na mwaka ule wa kwanza, naingiza mkono kwenye kofia ya zimamoto, naitoa kadi yenye mwandiko wake. Ina neno moja na nukta. "Nadhani." Basi. Hakuna kingine. Nikaipitisha mfukoni, nikasoma inayofuata. Mwaka wa pili, hivyo hivyo. Kila mwaka kadi moja yenye neno lile nililoliacha, na kila mwaka naitia mfukoni. Ziko thelathini na moja, Lorna, kwenye droo ya soksi, chini ya soksi za kanisani.

Nilidhani nitakwenda nazo. Nilikuwa nimekwisha panga hivyo. Kisha Januari wakaniletea huyu Perpetua.

Mnajua alivyoingia. Amevaa koti kubwa, analalamikia theluji ya kwetu utadhani ni mimi niliyeimwaga. Ananifunga kile kitambaa cha presha, anainua macho kwenye meko, na anacheka. Nikamwuliza, "Unacheka nini?"

Akasema, "Babu, mbona umetundika kifaa cha bibi yangu?"

Nikamwambia, "Mama, ule ni Upanga wa Chifu."

"Chifu gani?"

"Chifu wa huko kwenu Ufilipino."

"Huko kwetu milimani chifu akiushika huo watu watamcheka mpaka ahame. Huo wa wanawake, Babu. Wa kufumia."

Presha ilipanda mpaka akaipima mara mbili. Nikambishia. Nikambishia, Dale, wewe ulikuwepo, nilimwambia mtu habari za nyumbani kwao kwa muda wa dakika ishirini. Akaniacha nimalize kama unavyomwacha mtoto amalize kulia, kisha akasema, "Naomba niushike." Hakuna aliyemfundisha adabu ya ukumbi wetu. Aliomba kwanza, akafuta mikono, akaupokea kwa mikono miwili. Na mimi ambaye nimeona watu mia wakiushika ule mti, wote wakiushika kwa ncha moja kama upanga, wote ukiwaelemea kidogo, nikaona mikono yake inakwenda huku na huku kwenye ncha zake mbili bila kutafuta, na mti ukatulia. Ukalala sawa. Miaka yote hiyo sikuwahi kuuona umetulia.

Jumapili akaja siku yake ya mapumziko, amebeba kitu kimekunjwa kama mkeka. Mtande wa shangazi yake, zile nyuzi za urefu za kufumia, nyekundu na nyeusi, zimekwisha tandwa. Akafunga upande mmoja kwenye chuma cha kitanda, hapa miguuni pangu, upande wa pili akajifunga kiunoni kwa mkanda, akaketi kwenye kigoda na kuegemea nyuma nyuzi zikakaza. Kitanda kikasogea. Nikadhani safari imeanza.

Akautelezesha mti kati ya nyuzi, akausimamisha kwa ukingo, nyuzi zikafunguka kama mlango. Akapitisha uzi wa kukatiza. Akauvuta mti kuja tumboni kwake. Pa! Sauti ya ubao na uzi, ndogo, imejaa. Pa! Tena.

Kisha akaacha kupiga, akasema, "Babu, lete kile kioo chako." Nikainama mpaka mgongo ukalia. Na yale mapengo yangu, yale mapigo mia na arobaini, lile la mkuki, lile la shoka, nyuzi zilikuwa zimelala ndani yake. Moja moja. Si zote, mtande huu mwingine, lakini zilizoingia ziliingia kama miguu kwenye viatu vyake. "Ni njia za uzi," akasema. "Ukipiga sana, uzi unachimba."

Uzi! Kitu unachokata kwa meno ukishona kifungo. Uzi umekula mti ambao msumeno wangu ungeukimbia. Nikamwuliza inachukua muda gani. Akafikiri. Akasema, "Bibi yangu wake ulikuwa wa mama yake, na haujafika hapa. Huu ni wa wanawake watatu, labda wanne."

Wanawake wanne, watoto wangu, mmoja baada ya mwingine, wamekaa chini, wamejifunga kiunoni, wakipiga hivyo asubuhi hadi jioni, maisha yao yote, mpaka pamba ikaandika juu ya mti. Nami nilisimama nikiigiza vita. Nilikuwa nimeshika kitu kikubwa kuliko upanga wowote uliowahi kuingia ule ukumbi, nikakipunguza kiwe upanga. Nililia kama siku ile ya Mzee Riehl, na hakukuwa na supu ya kuelea. Halafu nikawaza jambo lingine ambalo linanikosesha raha mpaka sasa: yule askari hakuuokota njiani. Kuna mtu aliunyanyua kutoka kwenye mtande wa mtu. Kuna blanketi mahali, nusu yake haikufumwa.

Dale, sasa nakujia wewe. Najua ulichoniambia siku ile jikoni: "Baba, kaa kimya tu. Ukishaondoka nani atajua? Watu wana kofia zake. Na mimi je? Nitaambia watu nimejichora ubao wa kufumia?" Nikakwambia ndiyo, mwanangu, tena wewe ambaye hata shati hujui kukunja. Umenuna wiki nzima. Nakuelewa. Si ubao unaokuuma, ni baba yako. Umetembea mjini ukiwa mtoto wa yule mzee wa Upanga wa Chifu, na unaogopa watakucheka. Watakucheka. Wacha wakucheke. Watu sitini walimcheka Ferris kwa sababu yangu na bado anakuja kila Machi, na kadi yake mkononi. Kama yeye ameweza miaka yote hiyo kwa kosa ambalo si lake, wewe utaweza alasiri moja kwa kosa ambalo si lako. Mwanangu, hili sikuamuru. Nakuomba.

Haya. Nisaidieni nikae kidogo. Hapo.

Andika, Lorna, huu ndio mgawanyo. Lorna, wewe chukua lile jambia la Yemen. Ndiyo, lile. Ulikuwa na miaka tisa, ukaamka mapema Siku ya Akina Baba, ukalisugua kwa waya wa kusugulia sufuria mpaka rangi yake ya miaka mia mbili ikatoka yote, likang'aa kama kijiko cha hoteli, ukaniletea kitandani na uji. Nilikwambia limependeza sana. Kisha nikaenda gereji nikakaa ndani ya gari nusu saa. Sasa nakwambia kweli: hakuna kitu kwenye kuta hizi nilichokipenda kuliko hicho. Usilisugue tena, lakini.

Dale, chukua spana ya siku ile ya bomba, na kisu cha Nepal alichoniachia Mzee Riehl. Vilivyobaki wagawieni watu wa ukumbini, kila kitu na karatasi yake, na kwenye kila karatasi nilipoandika nadhani, msilifute. Kile nilichosahau kukiandikia, kiandikieni. Kioo cha kukuzia ni cha Ferris. Macho yake yana ukungu, na Jumamosi atakihitaji.

Maana Jumamosi, mimi nisipokuwepo, mkubwa kuliko wote ni yeye. Kofia ni yake. Mnaona? Dale, utauzungushia ule mti kitambaa laini, utaupeleka saa nane, utauweka kwenye Meza ya Kimya, mkono wa shati umekunjwa juu, tatuu ionekane. Lorna, utatumbukiza kadi yangu. Iandike sasa, nikupe maneno. Andika: "Nadhani ni ubao wa kupigia uzi. Mwulizeni Perpetua Dulnuan, ni wa watu wake, yeye anajua. Mwaka sabini na tisa Ferris Kowalchuk alidhani vizuri." Umeandika? Mstari mpya. "Kuhusu nilichomfanyia Ferris mbele yenu, hapo sidhani. Najua. Alinipa siri nikaifanya kichekesho. Wendell."

Atasoma mwenyewe, kwa mdomo wake. Atasoma polepole, mnamjua. Msimsaidie. Akinyamaza katikati, nyamazeni naye. Akimaliza, Lorna, mpe zile kadi zake thelathini na moja, uzifunge na uzi, si mpira. Na akitaka kurudi kwenye meza ya kando ya yangu, iwe imefutwa, na kahawa ipo.

Kisha Perpetua. Najua utaniambia kazini kwenu hamruhusiwi kupokea vitu vya wagonjwa. Sikupi kitu changu. Narudisha. Ufunge mtande kwenye ile nguzo ya katikati ya ukumbi, upige mara chache wausikie, kisha ukunje, uende nao. Ukipata safari ya kwenu milimani, uende nao huko. Kama yuko mtu anayemjua mwenye lile blanketi... nadhani hayupo. Lakini uliza.

Kofia zenye mchoro, msizitupe. Waacheni wazivae. Ni mchoro mzuri. Sasa tu wanajua wamevaa nini.

Dale. Nipe mkono. Huo wenye mchoro. Hm. Umechora mapengo machache... nilikuwa nimekwambia mia na arobaini. Mungu akutunze, mwanangu. Akupe watu wa kukubishia. Akupe masikio. Lorna, mikono yako ya kusugua, Mungu aibariki yote miwili. Msigombane juu ya nyumba. Mkigombana, mgombane mkiwa mmekaa. Mkumbukeni mama yenu kila Machi, alivumilia ile ngao.

Dirisha... fungua pazia. Hivyo. Ule mwanga.

Perpetua, mtande bado umefungwa hapo miguuni? Kaa. Presha iache. Piga.

Ndiyo.

Tena.

...Lorna. Kadi moja zaidi. Ya huku ninakokwenda. Usijaze... neno moja na nukta. Kama ya Ferris.

Nadhani.